Mafuta Kwenye Rivolva

Kijijini Mpemba, Jumanne usiku

Yale si mafuta yangu. Bastola zangu nazisafisha kwa mafuta ya cherehani, na leo nilipofungua kabati, rivolva yangu, ile isiyokosa shabaha, ilikuwa inanuka alizeti.

Nikamshuku shemeji, maana Jumapili alitaka kuishika nikamkatalia. Lakini ufunguo tunao mimi na mke wangu tu.

"Ni mafuta ya upako, Baba Neema," akasema mke wangu bila kunitazama. "Nimeiombea."

Ataniharibia chuma huyu! Nimeifuta hadi vidole vinauma.

Ila usingizi hauji. Mlango wetu huupaka upako ili mwizi asiingie. Rivolva, ambayo naishika mimi peke yangu, ameipaka kumzuia nani?