Ua la Piko kwenye Kadi ya Picha

Jumanne, 4 Mei 1999

Saa ya chakula, mbio nne. Nimeshinda tatu. Ya nne kitufe cha mshale wa kushoto kilikwama, gari likaenda kubusu ukuta. Katana alicheka mpaka chai ikampalia. Ndiye fundi wa kompyuta hapa ofisini Changamwe, Mgiriama wa Kaloleni, ana wajukuu wawili na haoni haya kucheza gemu. Yeye ndiye aliyeniwekea hii ya mbio za magari. Asubuhi mimi ni karani, nachapa hati za makontena. Saa saba nageuka dereva.

Leo bosi ametoa amri. Mwisho wa mwezi gemu zote zifutwe kwenye mashine za ofisi. Nimenuna siku nzima. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, nimenunia gemu.

Basi nitajiundia yangu.

Alhamisi, 6 Mei

Nimeandika orodha. Prosesa ya kasi kuliko zote, monita kubwa, spika mbili ndefu. Katana ameisoma, kisha akaomba kalamu na kuikata karibu yote. Akaniuliza, "Dada Zuhura, wataka kushinda mbio ama wataka kuringia wageni?"

Anasema gemu ya magari hula kadi ya picha. Prosesa ya wastani yatosha. Anayenunua prosesa kubwa akabana kwenye kadi ya picha ataona magari yakitembea kwa kurukaruka, kama mtu mwenye kwikwi. Kasha lolote, ni bati tu. Monita ya mtumba, hata iwe na mkwaruzo pembeni. Kadi ya sauti ya bei ya chini. Ila memori nisiibane, na kadi ya picha iwe ile inayochora yenyewe bila kuisumbua prosesa.

Orodha ya pili ni fupi na haina majivuno. Nimeipenda zaidi.

Nimemwambia Mama ukweli, kwamba ni ya gemu. Amecheka, akaendelea kupeta mchele.

Jumamosi, 8 Mei

Nimekwenda mjini na Athman kuchagua. Athman ni ndugu yangu wa kunyonya. Mamake aliugua alipomzaa, na Mama alikuwa na mimi kifuani, akampa titi la pili. Sheria ya hilo haina mchezo. Ni ndugu kama wa tumbo moja, hatuoani, na mbele yake sijifuniki. Kwetu Kisauni hodi yake na mguu wake huingia pamoja. Kwao Mtongwe ana karakana ya redio na televisheni.

Muuzaji alinichosha. Mimi nauliza, anamjibu Athman. Nauliza kadi hii ina megabaiti ngapi, anamtazama Athman na kusema nane. Nauliza inakaa kwenye tundu gani la bodi, anamwonyesha Athman. Athman alikuwa anajua redio, kadi za picha hazijui kabisa, lakini alitikisa kichwa kama profesa. Tulipotoka nilimcheka, naye akacheka.

Nimepata kadi. Ya megabaiti nane, imetumika kidogo, feni yake haipigi kelele. Nimeibeba mapajani njia nzima. Bodi na prosesa pia tumepata.

Jumapili, 9 Mei

Kwetu kila sufuria ina alama ya rangi nyekundu chini ya tako lake. Sufuria huazimwa kwa arusi, zinakaa wiki nzima kwa watu, na kila nyumba ina alama yake ili zisirudi za jirani. Sisi ni nukta tatu. Tangu utotoni, mimi na Athman ndio tuliozibeba na ndio tuliozikagua.

Nimefanya vivyo hivyo leo. Nilikuwa na piko, rangi nyeusi ya kupambia mikono, iliyobaki kwenye kikombe baada ya kumpamba bi arusi wa jirani. Nimechukua njiti na kuchora ua dogo la majani matano kwenye kibandiko cha karatasi kilicho juu ya kadi ya picha. Jingine kwenye kibandiko cha bodi. Katana ameonya nisiguse miguu ya chuma, sikuigusa. Sikuwa na shaka na mtu. Ni mazoea tu, kitu cha kwetu kina alama.

Jumamosi, 15 Mei

Memori nimepata, vipande viwili, na vyote nimevitia maua. Hadidiski, kisomea sidii, kasha, monita yenye mkwaruzo. Orodha imekwisha. Nimepiga mstari chini yake mara mbili.

Nilitaka kuunganisha mwenyewe. Katana amenifundisha ofisini, nimeifungua mashine ya bosi na kuifunga tena na bosi hajui. Lakini Athman akasema umeme wetu unapepesa sana, kwake ana meza ya kazi na kipimo. Mama akaingilia, "Mwachie nduguyo. Wewe mikono yako ni ya kupikia." Nikaona si jambo la kugombana nalo.

Vitu vimekwenda Mtongwe. Nikamwambia Athman hii ni amana. Akasema, "Amana, dadangu."

Alhamisi, 27 Mei

Bado. Kila nikipiga simu dukani kwa jirani yake najibiwa kesho. Gemu za ofisini zimefutwa leo. Katana alizifuta mwenyewe, kwa uso wa mtu anayechinja kuku wake.

Nyumbani kuna jambo jingine. Posa imekuja kutoka Mtwapa. Mwalimu wa madrasa, mjane, anasifiwa. Sijasema ndiyo wala la. Mama anazungumza kana kwamba nimesema.

Jumapili, 6 Juni

Imefika. Athman ameileta kwa teksi, akaipanga sebuleni, Mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma hata kabla haijawashwa. Nilimkumbatia Athman. Nilimpikia biriani. Naandika hili ili nilikumbuke, nilimpikia biriani.

Alipoondoka nikaweka sidii ya gemu. Magari yamekuja kwa kurukaruka. Barabara inajichora kipande, inasimama, kipande kingine. Nikabonyeza kushoto, gari likakata kona nilipokwisha sahau kuwa nimeiomba. Nimebadilisha kila kitu kwenye menyu. Nimepunguza picha mpaka miti ikawa masanduku ya kijani. Vilevile.

Mama akasema kuna programu ya kuchapa, tena nzuri, niwachapie watu kadi za arusi.

Jumatatu, 7 Juni

Nimemsimulia Katana, naye ameuliza swali moja tu. Nimefungua kasha? Nikasema sijafungua. Akarudi kwenye kazi yake.

Sijafungua kwa sababu naona haya. Kulifungua ni kumkagua ndugu yangu.

Jumanne, 8 Juni

Nimefungua. Skrubu nne.

Hakuna ua. Bodi si yangu, ni ya zamani, imejaa vumbi gumu la miaka. Kadi ya picha ni kijipande kidogo kisicho na feni. Memori ni kipande kimoja, nami niliacha viwili. Nimeligeuza kasha juu chini kama mwenda wazimu, kana kwamba ua lingeanguka. Kasha ni langu, monita ni yangu. Vya nje vyote vyangu. Vya ndani nilivyovitia maua hakuna hata kimoja.

Huyu ametumwa kubeba sufuria tangu ana miaka saba. Anajua kwamba kwetu kitu kina alama. Hakutazama. Hakudhani nitafungua.

Nimerudisha skrubu. Moja imebaki nje.

Jumamosi, 12 Juni

Nimekwenda Mtongwe bila kuaga. Kando ya karakana kuna chumba kilichokuwa stoo ya redio mbovu. Sasa kina pazia jipya na rangi. Nilisikia injini za magari kabla sijafika mlangoni. Nazijua injini hizo, ni za gemu yangu. Nikafunua pazia. Vijana sita wa kiume wamejibana kwenye benchi, mmoja kwenye kibodi, shilingi zao za kulipia zimepangwa mezani, na kwenye skrini barabara inateleza, kona zinalainika, miti ina majani.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoniuma kwanza. Nilikuwa nimechagua vizuri.

Vijana wakanitazama. Mmoja akasema kwa adabu, "Dada, humu ni kwa wanaume." Athman akaja mbio. Nikamwambia azime, afungue ubavu. Akakataa, nikasimama palepale mpaka vijana wakaanza kutoka mmoja mmoja. Akafungua. Ua langu lipo juu ya kadi, majani matano, halijafutika hata kidogo. Akaligusa kwa kidole.

Akasema, "Wallahi sikukwibia. Muulize Mama."

Nilivuka feri nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa karibu na mtu.

Jumapili, 13 Juni

Nimemuuliza Mama. Nilingoja amalize sala ya adhuhuri, heshima hiyo bado nilikuwa nayo.

Hakukana. Alisema, "Nalimwambia mimi. Akutilie ya kuandikia tu. Wale wa Mtwapa wataka mke, hawataki dereva." Na vile vizuri vingeoza kwangu, afadhali vimfae kijana anayetafuta maisha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema ningekataa.

Ndivyo. Ningekataa, ndiyo maana hawakuniuliza. Wamekaa wawili, mmoja aliyenizaa na mmoja niliyegawana naye titi, wakapanga niwe na mashine mbovu na nisijue. Nijione ni mimi niliyechagua vibaya. Siku mbili nzima nilijiona hivyo. Nilidhani nimekosea bodi. Nilirudia orodha kichwani kipande kwa kipande nikitafuta kosa langu.

Hilo siwezi kulimeza. Gemu yenyewe ningesamehe.

Jumatano, 23 Juni

Siongei na Mama ila salamu. Shikamoo, marahaba, basi. Anapika vitu ninavyovipenda. Ninavila kwa sababu nina njaa.

Leo ameniuliza amwambie nini mwalimu wa Mtwapa. Nimesema amwambie nacheza gemu. Akisikia hilo na bado akaja, aje tuzungumze. Mama akaketi. Baadaye nilimsikia akimtuma mtoto wa jirani dukani kupiga simu Mtongwe.

Katana amenipa sidii yake ya gemu nyingine, ya zamani, ya kupanga matofali. Anasema hata mashine mbovu itaiweza. Nimeishukuru fadhila hiyo zaidi ya anavyojua.

Jumapili, 4 Julai

Athman amekuja. Nilikuwa ndani nachambua mchicha, kichwa wazi. Nikasikia hodi. Leo mguu wake haukuingia pamoja nayo, alibaki nje. Mama akasema, "Pita, mwanangu," kama siku zote.

Nikainuka. Nimeingia chumbani, nikavaa buibui langu la kutokea, nikafunga mtandio mpaka chini ya kidevu, nikavuta ncha yake nikaziba uso. Ndipo nikatoka. Sijawahi kumfanyia hivi tangu tuzaliwe. Alikuwa amekwisha ingia mpaka katikati ya sebule, ana kikapu cha ukili mkononi. Aliponiona akarudi nyuma hatua mbili, tatu, akatoka tena barazani. Hakuna aliyemwambia.

Mama alikuwa ameshika bakuli. Akalitua. Akasema kwa sauti ndogo, "Zuhura, huyo ni nduguyo. Titi hili ndilo lililomlea." Nikamwambia najua. Sikuvua.

Kikapu nilikipokea mlangoni. Nikasema ahsante, bwana Athman, kama ninavyomwambia mwenye duka. Akashuka ngazi.

Kikapuni mna bodi na prosesa yake, kadi, memori mbili. Nimehesabu maua, yapo manne. Nimeunganisha mwenyewe mezani, Mama akiwa jikoni, umeme haukupepesa. Imewaka mara ya kwanza. Barabara inateleza. Nimekimbia mbio tatu na nimeshinda zote.

Kisha nikazima na kurudi kwenye mchicha, ulikuwa umeanza kunyauka. Mama alikuwa amechambua nusu. Tumemalizia pamoja. Mtandio bado ulikuwa kichwani, nilisahau kuuvua.