Shami, Siku Yako Hatuihamishi Tena

Mwaka umetimia, Shami, tangu moyo wako usimame, na jana mchana shangazi yako alikuwa katikati ya karakana yako pale Kimisagara, anapiga kelele.

"Julai! Nimesema Julai! Mugeni, huna masikio?"

"Masikio ninayo, wifi," mama yako akamjibu. "Nayatunza kwa maneno yenye maana."

Viateur, mwenzako wa kazi, alikuwa amechuchumaa kando ya msalaba wa kaburi lako, kofia ya kuchomelea ameisukuma juu ya paji la uso. Msalaba ulikuwa karibu kwisha. Chuma kizito, kimepigwa msasa, jina lako limeshika sawasawa. Ilibaki tarehe ya kuzaliwa tu, na namba alikuwa amekwisha kuzikata, za Julai na za Aprili, amezipanga sakafuni kama karata.

"Wamama, nisudire gani, nichomelee zipi?" akauliza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura. "Umeme iko saa hii. Baadaye sijui kama itakuwa iko."

Baba yako, Bayingana, alikaa kwenye jerikani iliyopinduliwa, anatazama viatu vyake. Unamjua. Aliendesha malori ya kahawa Karagwe nzima kwenye matope, lakini kuingia kati ya mkewe na dada yake hajawahi kuthubutu.

Wanaosoma tangazo hili na hawakukujua, wajue kwanza ulikuwa nani.

Ulikuwa fundi wa mageti. Ulizaliwa na moyo mbovu, daktari akakukataza kunyanyua vyuma, wewe ukamwuliza kama geti la nyumbani kwake linafunga vizuri. Lilikuwa halifungi. Ukalitengeneza. Mageti yako yapo Kabeza, yapo Kanombe, na mtu huyatambua bila kuuliza: komeo liko chini, mahali ambapo mtoto aliyetumwa dukani anaweza kulifikia mwenyewe. Wateja walilalamika. Uliwaambia mtu mzima anaweza kuinama, mtoto hawezi kurefuka.

Kwenye misiba ulifika na masufuria. Wengine walileta chakula, wewe ulileta masufuria matupu, makubwa, kwa sababu ulisema chakula watu hukumbuka, wanachosahau ni vyombo.

Yule mchumba wa Gisimenti alikutaka ufunge karakana kwanza ndipo mposane. Ulimtengenezea kiti cha chuma, ukampelekea mpaka kwake, ukamwambia akalie hicho akisubiri. Tunasikia bado anacho, na ni kiti kizuri.

Sasa turudi kwenye ugomvi. Hauwezi kueleweka bila kusema kila mtu alikuwa wapi.

Kila Aprili, jioni za maombolezo, mtaa wetu wa Kabeza hukaa pamoja kukumbuka mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Walionusurika huzungumza. Halafu sisi tuliokuwa nje ya nchi nasi huulizwa: wewe ulikuwa wapi? Mzee Nshimiyimana wa dukani alikuwa Bujumbura, anampimia mtu sukari, redio ikasema, na mpaka leo hajui kama yule mtu aliondoka na sukari yake. Baba yako husema, "Nilikuwa darajani," kisha hunyamaza. Wewe ulisema mara moja tu. Ulisema, "Mimi nilikuwa nazaliwa." Watu wakacheka kidogo, kwa huruma, na mzee mmoja akakukemea kwamba huo si ushuhuda. Hukusema tena.

Lakini ulikuwa ushuhuda. Mama yako alikuwepo, anathibitisha.

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Aprili, tisini na nne, katika hospitali moja huko Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wetu walikimbilia zamani na sisi tukakulia. Muuguzi alikuwa na redio ndogo dirishani. Kila uchungu ulipoachia, mama yako aliuliza wamesemaje kuhusu Kibungo, ng'ambo ya mpaka, kwa kuwa ndugu zetu walikuwa huko. "Mama, wewe sukuma," muuguzi alimwambia. "Redio niachie mimi." Ukatoka unapiga kelele, wodi nzima ikageuka.

Nyumbani tulikuta msiba umekwisha kutangulia. Mikeka sebuleni, wewe chumbani. Wageni waliingia hawajui waseme hongera au pole. Wengi walisema pole wakaondoka.

Siku ya nane, kwa desturi yetu, watoto wa jirani hukusanywa, hulishwa, na kila mmoja humpa mtoto mchanga jina la kwake, ndipo wakubwa wachague. Babu yako alikataa. Alisema hawezi kuwalisha watoto karamu huku watoto wengine wanauawa ng'ambo ya mto. Hakuna aliyembishia. Ukabaki huna jina, tukikuita Kichanga.

Mei akafika shangazi yako, Gahongayire, kwa miguu, kupitia mpaka wa Rusumo. Yeye alikuwa ameolewa Kibungo. Mumewe aliuawa, pamoja na mwanawe Rwema, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kufunga kamba za viatu. Mume alipatikana baadaye, akazikwa pamoja na wenzake kwa heshima. Rwema hajapatikana mpaka leo. Kinachojulikana ni siku tu. Tarehe kumi na mbili Aprili.

Shangazi yako alikaa kwetu wiki nyingi hataki kukutazama. Julai, vita vilipokwisha, aliingia chumbani mwenyewe, akakutoa kitandani, akaja nawe sebuleni. "Huyu ni Shami," akasema. Kwa lugha yetu, tawi. Watoto wakaitwa, wakala, na tangu hapo familia yote ikahesabu kwamba ulizaliwa Julai. Keki zako zote ulikatia Julai.

Na baada ya sisi kurudi nchini, kila tarehe kumi na mbili Aprili, tangu ulipokuwa mkubwa wa kupanda basi peke yako, ulikwenda kwa shangazi yako nyuma ya Gisimenti, ukakaa naye kutwa, mkamenya viazi vitamu, mkazima simu. Hukumwambia hata mara moja kwamba siku ile ni yako pia. Alijua. Na wewe ulijua kwamba anajua.

Ndiyo maana ugomvi wa jana ulikuwa mzito kuliko tarehe.

"Mtoto asiye na jina ni mgeni tu," shangazi yako alisema, kidole kinaelekea namba za Julai pale sakafuni. "Jina nilimpa mimi. Julai ndipo alipozaliwa katika familia hii."

"Wifi, aliyesukuma ni mimi," mama yako akasema. "Julai sikusukuma mtu."

Viateur alicheka, akajifanya anakohoa.

"Usinichekeshee mafundi! Lakini Mugeni, hiyo diploma yako ya ugavi imekuharibu. Kila kitu na rafu yake. Sasa unataka kupanga hata marehemu kwenye rafu!"

"Ndiyo. Kitu kikiwekwa rafu isiyo yake, kinapotea. Mwanangu hapotei."

"Na watu watakaopita makaburini wiki ya maombolezo, wataisoma tarehe hiyo waseme nini? Kwamba wenzetu wanakatwa mapanga, sisi tunazaa?"

"Waseme hivyo hivyo, kwa kuwa ni kweli. Walitaka tuishe, wifi. Sote, mpaka walio tumboni. Na siku hiyo hiyo mmoja wetu akatoka tumboni anapiga kelele. Hilo nilionee haya? Walioua ndio waone haya. Mimi nimemficha mtoto huyu ndani ya Julai maisha yake yote. Kaburini simfichi."

Shangazi yako hakupiga kelele tena. Alikaa juu ya gogo la kupigia vyuma, akafunga kanga vizuri, na akasema polepole kiasi kwamba Viateur alizima mashine ili asikie.

"Tarehe ile ina mwenyewe, Mugeni."

Karakana ya jirani walikuwa wanakata bati. Tukasubiri wamalize.

"Najua," mama yako akasema. "Ina wenyewe wawili."

Akamgeukia Viateur. "Kata herufi nyingine. Rwema. Ziwekwe chini ya jina la Shami, ukubwa ule ule. Tarehe iwe moja, ya wote wawili. Huyu alizaliwa, huyu aliuawa. Andika hivyo hivyo, 'aliuawa'. Usiniwekee 'alifariki'."

"Mugeni!" Shangazi yako alisimama. "Rwema hana kaburi!"

"Ndiyo maana."

"Hayumo mle! Utaandika mtu ambaye hayumo?"

"Waliomtupa walitaka asiwe popote. Asiandikwe, asitajwe, asiwe na mahali mama yake anaweza kuweka ua. Wewe unawatii mpaka lini? Mimi siwatii. Leo anaandikwa, Kimisagara, mchana kweupe, kila mtu anaona."

Hapo ndipo baba yako alipoinua uso. Alikuwa amenyamaza tangu Karagwe; sasa akazungumza na dada yake kama anayemwambia habari ya jana.

"Nilipita daraja la Kyaka mwezi wa tano, na lori la kahawa. Mto Kagera ulikuwa unaleta watu. Niliegesha pembeni. Kila mtoto aliyepita nilimtazama kama ni Rwema. Nilitazama mpaka wenye magari nyuma yangu wakaacha kupiga honi, wakashuka, wakasimama na mimi. Sikumwona, dada. Kama nisingemtafuta popote, ningekuambia usimwandike. Nimemtafuta. Mwandike."

Hatujui shangazi yako alifikiri nini. Alikwenda kwenye rundo la vyuma chakavu kwenye kona, akainama, akachagua kipande, akakitupa, akachagua kingine, akakigonga na ukucha kama mtu anayenunua chungu. Akamletea Viateur.

"Hiki. Na R iwe ndefu kuliko hizo zako. Alikuwa mrefu kwa umri wake."

"Yego, Shangazi," Viateur akasema.

"Na usikate ovyo. Shami angekucheka."

"Angenipiga na nyundo kabisa," Viateur akasema, na shangazi yako akacheka, Shami, kicheko kifupi, huku machozi yanashuka.

Kazi ilifanyika palepale. Shangazi yako alikataa kukaa. Alivaa miwani myeusi akashikilia kila herufi kwa koleo huku Viateur anaichomelea. Mama yako alipanga namba: kumi na mbili, nne, tisini na nne. Zile za Julai akaziokota akazirudisha kwenye vyuma chakavu, zikatengenezwe bawaba. Mafundi wa karakana za jirani walikuja mmoja mmoja wakasimama mlangoni. Hakuna aliyewaita. Mmoja wao alikuwa na pikapu.

Msalaba ulipandishwa ukiwa bado una joto, umeviringishwa gunia. Tuliufikisha makaburini kabla ya mvua. Baba yako na Viateur walichimba, mama yako alikoroga saruji kwa sababu wao walikuwa wanaweka maji mengi, na shangazi yako aliushika msalaba wima mpaka saruji ikakamata. Alipoambiwa sasa aachie, alisema bado kidogo. Tukamwacha.

Msalaba umesimama. Tumeusukuma kwa mikono, hautikisiki. Mtu yeyote anayepita atasoma majina mawili na siku moja, na kama ana swali, tupo Kabeza, geti lenye komeo la chini.

Hiyo tarehe ikifika mwezi ujao tutakwenda wote. Tutamlilia Rwema, halafu tutakuambia hongera kwa kuzaliwa, pale pale, bila kungoja Julai. Anayeona haifai asije.

Wanaokukumbuka ni baba yako Bayingana. Mama yako Mugeni, ambaye ndiye aliyeshika kalamu na habadilishi neno. Viateur na mafundi wote wa Kimisagara, ambao bado wanagombania kofia yako ya kuchomelea. Na shangazi yako Gahongayire, ambaye tangu jana, kwa ruhusa yake mwenyewe, tunamwita tena Mama Rwema.

Kukusahau hatukujui, Shami, wala hatutajifunza.