Mikate Arobaini na Sita

Manchester, 28 Oktoba

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi huku hatujambo, Mungu ahimidiwe, isipokuwa Nuchem amepata mafua. Unamjua mkweo, akipiga chafya mbili tu anataka kuandika wosia. Goti lako linaendeleaje? Na unakula, au unakunywa kahawa halafu unasema umeshiba?

Baba, nina jambo na najua hutalipenda. Nimeacha cheti cha kosher, kile cha kuwahakikishia Wayahudi wenzetu kwamba mkate wangu ni halali. Nimekishusha ukutani wiki iliyopita na Bwana Heshel, yule msimamizi, haji tena. Kila mwezi nilikuwa nalipa pauni mia mbili na themanini ili mzee mwenye koti refu aingie kwenye duka langu la mikate, afungue kabati, asome maandishi ya katoni kana kwamba anasoma barua ya posa, kisha aseme, "Sawa, Frumet." Sawa nini? Mimi ni binti yako! Nimelelewa na msimamizi. Kila yai nalivunja peke yake kwenye glasi nione kama lina damu. Kuna haja gani ya kumlipa mtu awaambie jirani zangu kwamba mimi ni mwaminifu?

Na wanaoumia ni wanunuzi. Nilipopandisha mkate kwa peni arobaini, Bibi Yachet wa ghorofa ya juu aliniambia mbele za watu, "Mwanangu, mkate wako umeota mabawa? Kila nikija bei imeruka." Ana miaka themanini na minane, anaishi kwa pensheni. Sasa nimeirudisha bei ya zamani. Wachache wamehama, lakini yeye amebaki. Alisema, "Baba yako namjua, na wewe nakujua. Inanitosha."

Usinikasirikie.

Mwanao,
Frumet


Antwerp, 5 Novemba

Mwanangu Frumet,

Barua yako nimeipata, nashukuru. Goti ni lile lile, tumeshazoeana. Nakula. Mwambie Nuchem anywe supu ya kuku na aache wosia.

Sikukasirika. Nilikaa tu na barua mkononi mpaka kahawa ikapoa.

Unasema unamlipa Heshel ili awaambie watu kwamba wewe ni mwaminifu. Sivyo, mama. Waaminifu ni wengi na waaminifu hukosea. Heshel analipwa awepo. Basi. Awepo siku ambayo wewe umechoka, mtoto anaumwa, na mwenye gari la mizigo anapiga honi nje. Peni arobaini za Yachet hazinunui unga wala hamira. Zinamnunulia haki ya kutouliza. Anakaa mezani kwake siku ya Sabato, anakata mkate, anakula kuku wake, na hana la kuhangaikia. Umempunguzia bei, kweli, lakini umemwachia mzigo wa kukuamini wewe peke yako.

Mrudishe Heshel. Ukiona ni ghali, waombe wakubwa wake wakupunguzie, wewe ni duka dogo na wao si mawe.

Siwezi kusema zaidi, wala mimi si mtu wa kumhubiria mwenzake katika jambo hili.

Baba yako,
Zelig


Manchester, 25 Novemba

Baba mpendwa,

Natumaini u mzima. Watoto wazima, Nuchem mzima. Mimi si mzima, ingawa siumwi.

Ijumaa iliyopita niliuza mikate ya Sabato arobaini na sita. Jana, Jumapili, nilikuwa nakunja katoni tupu nizitupe. Nikaona majarini yale si yale ninayoagiza siku zote. Katoni ni ya njano vile vile, kampuni ni ile ile, ila yale yangu yalikuwa yameisha ghalani kwao na wakaniletea ya aina nyingine bila kusema. Kwa herufi ndogo chini kabisa: unga wa maziwa.

Maziwa, Baba. Kwenye mkate ambao kila nyumba iliula pamoja na kuku, na Sheria yetu haituruhusu kuchanganya maziwa na nyama. Nilitumbukiza mikono yangu yote miwili katika unga ule na sikusoma. Alhamisi ile mjukuu wako Leiby alikuwa na homa na dereva alikuwa ananipigia kelele, "Mama, saini basi, nimechelewa!" Nikasaini.

Bibi Yachet alinunua miwili. Leo amepita dukani, kanishika shavu, kaniambia, "Mkate wa safari hii ulikuwa laini, sijapata kuona. Umeweka nini?" Nikacheka, Baba. Nilicheka na nikamwambia, "Mapenzi tu, bibi."

Hakuna anayejua. Umeshaliwa, hautarudi. Nikitangaza, duka limekwisha, na lile duka ndilo linalotulisha. Nikinyamaza, hakuna aliyeumwa hata tumbo. Wao hawakujua, kwa hiyo dhambi si yao. Najiambia hivyo tangu jana na haliniingii.

Nifanye nini? Nijibu upesi, tafadhali.

Frumet


Manchester, 11 Desemba

Baba,

Hujambo? Mdogo wangu Lipa ameniambia kwa simu kwamba u mzima na unakwenda sinagogi kila asubuhi, kwa hiyo najua si ugonjwa. Ni hasira. Nina haki ya kukasirikiwa.

Tangazo nimeliandika. Liko chini ya vitambaa vya meza. Ijumaa mbili zimepita na nimeoka kama kawaida, majarini ni yale ya zamani, na bado nikimpa Bibi Yachet mkate wake namtazama kifuani, machoni siwezi.

Nitukane, lakini uandike.

Mwanao


Antwerp, 15 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Nisamehe kwa kimya. Haikuwa hasira. Ilikuwa aibu, na ni yangu.

Ulipokuwa na miaka mitano, mama yako, Mungu amrehemu, alimzaa Lipa kwa taabu akalazwa wiki sita. Wakati huo nilikuwa nasimamia kosher kwenye kiwanda cha peremende nje ya mji. Kila Jumanne nilitakiwa niingie, nifungue magunia, niguse, ninuse, nitie saini. Wiki ya kwanza nilikuwa na wewe nyumbani na sikuwa na wa kukuacha naye. Nikatia saini karatasi mezani jikoni. Nikasema, ni mara moja tu. Wiki ya pili ikawa rahisi zaidi. Nilitia saini sita, Frumet, na mshahara nikaupokea wote.

Wiki ya saba nilikwenda. Nyuma ya stoo nikakuta magunia matupu ya jelatini iliyochemshwa kwa ngozi ya nguruwe. Mwenye kiwanda alikuwa amebadilisha kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwona. Nilipiga kelele, akaiacha. Lakini nje sikusema neno. Wiki sita watoto wa mtaa mzima walitafuna nguruwe kwa jina langu. Avigdor, mwenye duka la kona, alizipanga peremende zile mwenyewe karibu na mlango ili wasitoke bila kununua. Aliniuliza mara moja, "Zelig, hizi ni safi?" Nikamwambia, "Safi kama theluji."

Miaka thelathini na minane, kila Siku ya Toba nafunga na kujipiga kifua mbele ya Mungu. Na rabi wetu kila mwaka anasimama na kusema lile tulilolijua tangu utotoni, kwamba kosa ulilomfanyia mwenzako Mungu halifuti mpaka umwendee mwenzako. Mimi natazama viatu vyangu.

Sasa unaniuliza mimi ufanye nini. Nilikosa uso wa kukujibu. Lakini nakujibu: usiwe kama mimi. Bandika tangazo kesho. Ukingoja utimie mwezi, litakuwa zito; ukingoja mwaka, utaanza kuishi nalo, na hapo ndipo mtu anapoharibika.

Na wewe ulikula zile peremende. Nilikuletea mwenyewe mfukoni, nyekundu, ulizipenda. Wewe ndiye wa kwanza ninayekuomba radhi.

Baba yako


Manchester, 2 Januari

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta salama, na mafuta ya kukaangia maandazi ya sikukuu hayajakuumiza tumbo.

Nililibandika siku ile ile nilipopata barua yako, mlangoni pa sinagogi, kwa jina langu na tarehe na idadi ya mikate. Rabi alisema waliokula bila kujua wasihangaike, ila wenye visu vya nyama walivyokatia mkate wakamwulize kama bado vinafaa. Siku mbili foleni ilikuwa kwake badala ya dukani kwangu. Mmoja alinipigia simu, "Umetulisha uchafu kisha umecheka nasi wiki tatu." Kweli tupu.

Kwa Bibi Yachet sikungoja asome. Nilipanda juu. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vita ilipokuja nilikuwa msichana mdogo. Mama yangu alikataa kutupa chakula asichokijua kimetoka wapi, na njaa ile wewe huijui. Miaka themanini na minane, Frumet. Na mapenzi ndiyo uliyoweka?" Akalia, nikalia. Akaniambia amenisamehe kwa moyo wote, na kwamba hatanunua kwangu tena. Yote mawili aliyasema kwa sauti moja, na akanimiminia chai.

Bwana Heshel amerudi. Ada wamenipunguzia kidogo. Anakuja bila kuniambia, na juzi alikuta katoni sijaifungua, akaisoma mara mbili huku nimesimama kando yake. Sikuona ni ghali. Mauzo ni nusu ya zamani na mkate umepanda tena peni thelathini. Kila anayenung'unika namweleza kwa nini.

Sasa yako. Nimekusamehe, Baba, kabla hata sijamaliza kusoma. Lakini msamaha wangu ni wa bei rahisi, mimi ni mtoto wako na nakupenda. Umeanza na mimi kwa sababu ulijua sitakufungia mlango. Nenda kwa wale wanaoweza kukufungia.

Mwanao anayekupenda,
Frumet


Antwerp, 12 Januari

Mwanangu Frumet,

Mimi mzima. Goti linauma kwa sababu ya ngazi za kwa Avigdor.

Nilimwambia yote. Ana miaka themanini na mmoja, masikio yake ni mabovu, ikabidi niseme kwa sauti, na jirani zake wakasikia. Akasema, "Niliwapa wanangu wenyewe." Akafunga mlango.

Sheria inataka mtu aombe radhi mpaka mara tatu. Kesho napanda tena.

Baba yako,
Zelig