Mikono Iliposhuka kwa Adhana

Jumatano, baada ya Magharibi. Joto la kukaba koo. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi kama yamekuja kutembea tu, mvua hakuna. Mdomo wangu wa juu umevimba, hata chai naipitishia pembeni.

Nina hasira. Naandika nikiwa nayo hivi hivi, maana nikiisubiri ipoe nitaanza kujipamba.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi yangu ni kushona makochi, na jioni nafundisha ndondi kwenye ghala la zamani la katani, nyuma ya msikiti. Mnajua pia, kwa sababu nilishindwa kuificha furaha yangu, kwamba Twaha, bondia ninayemtegemea kuliko wote, ameleta posa kwa binti yangu Saumu. Ijumaa hii baada ya swala washenga wake wanakuja kuchukua jibu. Jibu lilikuwa ndiyo. Mpaka leo alasiri lilikuwa ndiyo.

Sasa sikilizeni.

Pale kwetu kuna jambo ambalo halijaandikwa ukutani. Adhana ikianza, mikono inashuka. Uwe katikati ya raundi, uwe umembana mwenzio kwenye kona na umebakiza ngumi moja tu ya kummaliza, unashusha. Hata Yohana, mpiga kengele wetu wa raundi, Mlutheri wa Maramba, akisikia tu spika ya msikiti inakwaruza anaweka nondo yake chini na kunyamaza. Hajawahi kuambiwa na mtu. Aliona, akafuata.

Leo wenzake Twaha wa uzito wake hawakuja, nikavaa glavu mimi mwenyewe nicheze naye sparingi. Nina umri wa kumzaa, lakini mkono wangu wa kushoto bado una utundu. Nikawa namgusa pua. Akija, namgusa. Akijikunja, namngoja ainuke, namgusa tena. Vijana waliokaa pembeni wakapata cha kusema.

"Twaha, mahari unalipa kwa pua!"

"Vumilia, shehe, mkwe halipizwi!"

Nilicheka ndani ya kinga ya meno. Yeye hakucheka.

Spika ikakwaruza. Muadhini akaanza. Mikono yangu ikashuka. Sikuishusha mimi, ilishuka yenyewe, kama inavyoshuka siku zote, kabla sijajua kwamba nimesikia kitu.

Twaha naye alisimama. Hapo ndipo penye neno. Alisimama, mabega yakamlegea, akageuza macho akawatazama wale waliokuwa wanamcheka, akanirudia mimi, ndipo akanipiga. Kwa mkono wa kulia, mdomoni. Mimi nimesimama mikono chini kama mtu anayengoja kuhudumiwa dukani.

Mkono wangu wa kushoto ukamjibu, akaangukia kwenye kamba. Hilo nitalirudia.

"Wewe! Adhana hiyo!" Yohana alimfokea mpaka sauti ikamkatika. Yohana! Ghala zima la Waislamu, na aliyeona uchungu ni Mlutheri.

Nikatema kinga ya meno, damu inatiririka, nikamwuliza Twaha ile ilikuwa nini. Akanijibu mbele ya wote, tena kwa sauti ya upole, upole wa kuudhi:

"Mwalimu, mkono ulitangulia. Si wewe mwenyewe unatuambia tusifikiri?"

Vijana wakacheka. Si wote, lakini walicheka.

Ni kweli nasema hivyo. Nimesema mpaka nimechoka: akili iacheni mlangoni pamoja na ndala. Ngumi ukishaiona imeshafika. Ukikaa kujiuliza hii inakuja kichwani au mbavuni, jibu utalipatia sakafuni. Kwa hiyo tunarudia jambo moja, tunarudia, tunarudia, mpaka mwili ulijue wenyewe, kama mtu anavyofunga vifungo vya shati huku anaongea na mkewe. Bondia anayefikiri ulingoni ni mgonjwa anayesubiri zamu yake.

Lakini mimi nimeishi na mikono isiyofikiri. Naijua kama ninavyowajua watoto wangu. Mkono uliotangulia hautazami pembeni kwanza. Haujali nani anacheka. Ule wa Twaha ulitazama, ukapima, ukaona mzee amejiachia, ukasema leo ndiyo leo.

Kunipiga nimemsamehe tangu pale pale, mdomo utapona. Kinachonichoma ni kwamba alichukua somo nililompa kwa jasho langu akajifunika nalo. Na mtu huyo ndiye nimkabidhi mwanangu? Kesho watagombana juu ya chumvi, maana ndoa zote hugombana juu ya chumvi, naye atasema nini? Mkono ulitangulia?

Nilifika msikitini nimechelewa. Nilisukutua na kusukutua mpaka damu ikakata. Nikasimama safu ya mwisho, nikarukuu wenzangu waliporukuu, nikasujudu waliposujudu, nikatoa salamu kulia na kushoto. Ndipo nikagundua kwamba sikumbuki hata sura moja niliyosoma. Muda wote nilikuwa ulingoni nampiga Twaha.

Mwili uliswali. Mimi sikuwepo.

Nikaketi pale baada ya watu kutoka, nimeona aibu. Miaka yote najisifu kwa kuufundisha mwili ufanye bila mtu kuuamrisha, na huu ndio ubaya wake. Dini yetu imesimama juu ya nia. Mtu unaweza kuwa na mwili mtiifu kabisa, na ndani ukawa na kelele za uwanja wa mpira.

Nilirudi nyumbani. Mama Saumu akaniletea barafu kwenye kitambaa, akasema wenzangu wa umri huu wanacheza bao. Saumu alikuwa amerudi kutoka Raskazone anakofundisha chekechea, bado ana chaki kwenye mikono ya baibui. Nikamweleza yote. Yeye si mtoto, na jibu la Ijumaa ni maisha yake.

Hakulia, wala hakumtetea. Aliuliza:

"Baba, una hakika alitazama kwanza?"

"Niliyaona macho yake."

"Basi siwezi kusema hukuyaona. Lakini umemwuliza? Nyie wawili tu, pasipo na watu wa kucheka?"

Nikasema sikumwuliza, kuna cha kuuliza hapo? Akanitazama vile mama yake anavyonitazama.

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilimrudishia," nikasema. "Si unajua tena. Mkono tu."

Neno lilitoka hivyo hivyo, jepesi. Saumu akaitikia kwa kichwa, akaenda uani. Nami nikabaki nimeshika kitambaa cha barafu, masikio yananiwaka.

Kwa sababu ngumi zangu zilikuwa mbili.

Ile ya kwanza, ya kushoto, wallahi siijui. Nilishtukia tu yuko kwenye kamba. Hiyo ilikuwa ya mwili, na mwili haukuwa na habari ya posa wala ya adhana. Lakini alipokuwa pale, mikono yake imelala, mimi nilipata nafasi. Nilimwona. Niliona jasho linavyomshuka nyuma ya sikio. Nilimsikia muadhini, niliyasikia maneno yake vizuri kabisa. Nikawaza: mbavu. Nikampiga mbavuni kwa mkono wa kulia, kwa nguvu zangu zote, mtoto wa watu, ambaye Ijumaa ningempa ndiyo.

Watu waliona kombinesheni moja. Kushoto, kulia, imekwisha. Hata Yohana hakuona tofauti. Twaha nadhani alihisi, maana ndipo alipopata ule upole.

Na hasira bado ninayo, msidhani imekwisha. Nimemkasirikia Twaha kama nilivyokuwa. Alilolifanya ni baya na alilolisema ni baya zaidi. Ila sasa nimepata wa pili wa kumkasirikia, na huyo wa pili siwezi kumfukuza kwenye mazoezi.

Nimekwisha mwambia Mama Saumu awapigie washenga simu. Ijumaa wasije. Aje Twaha mwenyewe, peke yake, tukae barazani. Mama Saumu amenishangaa. Posa haiendi hivyo, anasema, mwenye kuoa hajisemei, watu watatuonaje. Watuone wanavyotaka. Washenga watanisifia ukoo wake na kazi yake. Mimi nataka kusikia kitu kimoja tu, nacho hakuna mshenga anayeweza kukisema kwa niaba yake.

Akiniambia tena habari za mkono, nitamwitikia salamu yake, nitampa maji ya kunywa, na mke atatafuta kwingine. Akisema niliona, mwalimu, na nikapiga, hapo sijui. Kweli sijui. Huenda nikakasirika zaidi. Huenda nikamwita mwanangu. Lakini sina uso wa kumdai ukweli wakati wangu nimeukalia kitako hapa sebuleni, nawaandikia watu ambao wengine hawanijui hata sura, na mtu aliyeniuliza kwa mdomo wake nimempa uongo.

Namsikia Saumu uani anaanua nguo. Naiweka simu hii chini. Naenda kumwambia zilikuwa ngumi mbili.