Mikono ya bibi yake Limi

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika hapa Magomeni yetu, si ile ya Dar, ila mawingu bado mazito, na nguo za mtoto hazijakauka. Limi amelala mapajani. Naandika kwa simu huku namwangalia kichwa.

Ni kirefu, chembamba, kama papai dogo. Ukipitisha kidole juu unakuta mfupa umeinuka kama mshono wa gunia.

Juzi mimi na mume wangu Masanja tulimpeleka hospitali Mikumi. Daktari akampapasa, akatutuma tukampige picha ya kichwa, akaiangalia. Nikamwuliza lile lililokuwa linanila moyoni.

"Ni kukandwa, daktari?"

"Kukandwa na nani?"

"Mama mkwe. Kila akimwogesha alikuwa anachovya kitambaa kwenye maji ya moto, anamkanda kichwa kiwe duara."

Akasema hapana. Fuvu la mtoto si mfupa mmoja, ni vipande, na kati yake kuna nafasi ili ubongo upate pa kukulia. Mwili una vichocheo, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopeleka ujumbe kwenye mfupa. Vingine vinasema jenga, vingine vinasema subiri kwanza. Kwa Limi vya kujenga vilivizidi nguvu vile vya kusubiri, mshono wa juu ukafunga mapema. Ilianza akiwa bado tumboni. Panya, ndama, binadamu, wote wanaonyonya, mafuvu yao hujengwa kwa ujumbe huo huo.

"Kwa hiyo si mama yangu?" Masanja akauliza.

"Mikono ya bibi haina nguvu hiyo, baba. Wala si kitu alichokula huyu mama."

Masanja hakunitazama. Aliangalia dirishani mpaka tukatoka.

Maana alikuwepo siku ile.

Mama yake alitoka Munisagara kuja kunitunza uzazi. Ni Msukuma mfugaji, Kiswahili chake kizito, akicheka anaficha mdomo. Alinipikia uji, akafua vitu ambavyo hata mama yangu mzazi angevikunjia uso. Halafu asubuhi moja jirani akaniambia kibarazani, "Mama Limi, kichwa cha mtoto mmekikanda na nini hicho?" Nikaingia ndani na moto ule ule. Hata shikamoo sikumpa.

"Mikono yako ndiyo imemharibu mwanangu."

Alikamua kitambaa, akakianika kwenye kamba, akafungasha kanga zake. Masanja akamwitia bodaboda.

Nilijiona mama jasiri kweli siku ile.

Jana wifi yangu Mbula akanipigia kutoka huko huko Munisagara. Amejifungua wa kiume, mzima. Nikampongeza, nikasema angalau wewe una mama wa kukuogeshea.

"Mama gani," akasema. "Hamshiki. Anakaa mlangoni anamwangalia tu. Nikimwambia amwogeshe ananiambia mikono yake mibaya, nimwite jirani."

Mikono mibaya. Kayatoa kwangu hayo.

Nilitaka nimpe Mbula maneno ya daktari ayafikishe. Nikaacha. Yale maneno mabaya nilimwambia mama mwenyewe, usoni, sikumtuma mtu.

Limi atafanyiwa upasuaji Dar, watamfungulia ule mshono. Daktari anasema wakiwahiwa wengi hukua vizuri tu. Naamini. Usiku namwomba Mungu, mchana naamini. Ila nikifikiria mlango wa chumba kile cha upasuaji, namwona mama mkwe amekaa pembeni yangu kwenye benchi, na sijui kama nina haki ya kumwona pale.

Vichocheo nitamwelezaje, mimi niliyeishia darasa la saba? Nitamwambia kwa ng'ombe. Amezalisha ng'ombe maisha yake yote, anajua ndama huja na umbo lake kutoka ndani, si kwa aliyempokea.

Akikataa kunisikiliza? Basi nitakaa naye hapo mlangoni.

Kile kitambaa kilikuwa bado kwenye kamba. Kimenyeshewa kikakauka, kikanyeshewa tena, sikuweza kukigusa. Leo nimekifua, nimekikunja, nimekitia kwenye mkoba wa Limi.

Kesho asubuhi simwogeshi. Nitamfikisha Munisagara hajaoga.