Marekebisho ya Deo niliyoyakalia

Jumapili, Nshambya, hapa Bukoba mjini. Mawingu mazito tangu asubuhi, lakini mvua haijashuka. Nimerudi kutoka kanisani, nimekaa mezani na chai iliyokwisha kupoa. Zaidi ya salamu za mlangoni pale kanisani, leo sijazungumza na mtu ana kwa ana.

Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Yule niliyezoea kumwambia mambo ndiye niliyemkosea.

Kwa wasionijua: naitwa Koku, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kwa miaka sita nimekuwa nikitunza programu huria ya biashara ambayo vyama vya ushirika na maduka ya huku kwetu vinaitumia kupokea mzigo na kutoa risiti. Huria maana yake ni ya wote. Unaichukua bure, unaitumia, na ukijua kazi unaifungua na kuirekebisha. Ukirekebisha vizuri, unaturudishia ili na wengine wafaidi.

Watumiaji ni wengi, lakini watunzaji tulikuwa wawili. Mimi hapa Bukoba, na Deo kule Muleba, ambaye ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndiye tuliyekaa naye kuitafsiri programu nzima kwa Kiswahili, tukabishana wiki nzima kama tuandike "stoo" au "ghala". Alishinda yeye, tukaandika ghala.

Nafanya kazi chumbani, peke yangu. Kuna siku inapita sauti pekee ninayoisikia ni ya jirani akikata majani ya ng'ombe wake. Kila asubuhi Deo alikuwa ananitumia ujumbe: "Umeamkaje? Kuna kilichoharibika?" Hata kama hakuna kilichoharibika, tulipata la kuzungumza.

Mwaka huu, kabla ya msimu wa kahawa, nilianza kuuza nyongeza. Ni kipande cha programu kinachopachikwa juu ya ile ya bure. Nyongeza yangu inaunganisha kompyuta na mizani, uzito unaingia wenyewe bila karani kuuandika. Tena umeme ukikatika, hakuna kinachopotea. Kwenye ile ya bure, umeme ukikatika kabla karani hajahifadhi, orodha ya asubuhi nzima inafutika.

Sioni aibu kuuza. Watu wananipigia simu nikiwa sokoni, wananipigia nikiwa msibani, na kodi ya chumba hailipwi kwa asante.

Aibu yangu iko kwingine.

Wiki mbili baada ya mimi kuanza kuuza, Deo alituma marekebisho ya ile programu ya bure. Mistari michache tu, safi kama kazi zake zote. Yalikuwa yanahifadhi kila gunia papo hapo linapopimwa, hivyo umeme ukienda, kazi inabaki. Kwa utaratibu wetu, hakuna marekebisho yanayoingia mpaka niyapitishe mimi. Niliyasoma siku ileile. Nikayajaribu. Yakafanya kazi.

Sikuyapitisha.

Nilijiambia nitayaangalia vizuri wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika nikajiambia msimu umeshaanza, si vizuri kubadilisha vitu watu wakiwa kazini. Lakini nilijua ninachofanya. Kama ile ya bure haipotezi kitu, nani atanunua yangu?

Deo hakuuliza. Ujumbe wake wa asubuhi ukaanza kuruka siku, halafu ukakoma.

Jana watumiaji wa programu tulikutana Muleba, watu kama ishirini, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi. Hoja ilikuwa moja: je, ni sawa mtu kuuza nyongeza kwenye programu iliyojengwa na wengi kwa kujitolea? Nilikwenda nimejiandaa kushambuliwa. Wachache walisema kwamba tukiruhusu hili, kila kitu kizuri kitawekewa bei na ile ya bure itabaki gofu. Nikawajibu kwamba ya bure iko palepale, sijaondoa hata kitu kimoja.

Ilikuwa kweli. Sikuwa nimeondoa kitu.

Kisha akasimama Ma Adelina, karani wa chama kidogo cha msingi kule Buganguzi. Nilipokuwa sijui chochote kuhusu upokeaji wa kahawa, mama huyu alinikaribisha nyumbani kwake, akaniwekea kwenye kisahani kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopokewa huku kwetu, akanieleza kila hatua kuanzia gunia linaposhushwa hadi linapoondoka ghalani. Nusu ya akili iliyomo kwenye nyongeza yangu ni yake.

"Mimi sikatai auze," alisema. "Fundi wa mizani tunamlipa, na huyu naye ni fundi. Ila mwanangu Koku, nikuulize. Juzi umeme ulikatika tukiwa tumeshapima mzigo wa watu wengi. Yote yakapotea. Ikabidi niwaite wenyewe warudi, tupime upya wakishuhudia. Kuna bibi mmoja mguu unamsumbua, alirudi akitembea na fimbo. Chama chetu hakiwezi kununua nyongeza mwaka huu. Sisi wa bure hakuna namna?"

Ukumbi mzima ulinigeukia. Deo alikuwa mstari wa nyuma, karibu na dirisha. Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha kunivua nguo mbele ya watu wote.

Akatazama mikono yake.

"Nyongeza inalimaliza hilo, Ma Adelina," nikasema. "Kwa ile ya bure, tutaangalia."

"Kasinge, waitu," akasema, akaketi. Alinishukuru kwa Kihaya, tena na lile "waitu" la heshima.

Watu wakanyoosha mikono, wengi wakakubali kwamba kuuza kunaruhusiwa. Wengine walinifuata kunipa mkono. Niliitikia na kucheka nao, huku nikitamani kufika nyumbani.

Nje nilimkuta Deo anafungua kufuli la pikipiki yake.

"Ile kazi yangu uliiona?" akauliza.

"Bado, Deo. Mambo yamekuwa mengi."

Alinitazama kidogo, wala si kwa hasira. "Haya, Koku. Safari njema."

Leo baada ya ibada nilifungua kompyuta, nikaingia kwenye mfumo tunamotunzia programu, pale marekebisho yake yalipo. Ndipo nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Siku ile nilipoyajaribu, mfumo uliandika chini yake kwamba yamejaribiwa, yamefaulu, na aliyejaribu ni mimi. Jina langu liko pale. Deo anaingia humo kila siku. Jana aliponiuliza, jibu alikuwa nalo tayari. Nadhani alikuwa ananipa nafasi ya kusema kweli, nami nikamdanganya usoni.

Nimeyapitisha. Kazi ya dakika chache.

Halafu nimeandika kwenye grupu letu la watumiaji. Nimesema marekebisho haya ni ya Deo, niliyakalia makusudi ili nyongeza yangu iuzike, na jana sikumjibu Ma Adelina ukweli. Nimependekeza pia kwamba anayeuza nyongeza asiwe mlango pekee wa kupitishia marekebisho ya ile ya bure, achaguliwe mwingine. Sidhani kama kuuza kunaiharibu jumuiya. Mimi nilianza kuiharibu pale niliposhika bei kwa mkono mmoja na ufunguo wa mlango kwa mkono mwingine.

Ma Adelina si mtu wa kusoma grupu, kwa hiyo nimempigia simu. Nilipomaliza kueleza, akauliza:

"Kwa hiyo yule bibi hakuwa na haja ya kurudi?"

"Hakuwa na haja, waitu."

"Haya, mwanangu. Njoo uniwekee hiyo mpya."

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Kwenye grupu watu wameandika mengi. Mmoja amesema nimeonyesha ujasiri. Mwingine anataka kurudishiwa alicholipia nyongeza, na nitamrudishia. Nilikuwa nasubiri jina moja tu.

Limekuja saa kumi jioni. Deo ameandika: "Nimeona. Asante kwa kuyapitisha."

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi mno. Halina kosa. Ndivyo tunavyowajibu watu wa mbali wanaotuandikia kwa mara ya kwanza, wale tusiowajua hata sura. Mimi na yeye tulikuwa na kanuni hiyo: mgeni mjibu kwa adabu na kwa ufupi.

Kesho nitakwenda Buganguzi kumwekea Ma Adelina programu mpya. Wakati wa kurudi nitapita Muleba, dukani kwa akina Deo. Jumatatu huwa kuna wateja wengi wa misumari na mabati, na sidhani kama ataacha kazi kwa ajili yangu. Nitapanga foleni kama wengine mpaka zamu yangu ifike.