Vichupa Viwili Kutoka Afungi

Mbau, Jumatatu

Mjomba Chamsudine, shikamoo.

Mama amenituma nikuandikie barua ya shukrani. Hajui kusoma, kwa hiyo naandika ninayotaka mimi. Mihogo imeshika, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Siku vichupa vyako viwili vya kutibu kidonda cha Baba vilipofika, nilisoma karatasi iliyokuja navyo. Unga uliomo ni peptidi, kipande cha protini cha kutengenezwa, cha kuchunguzia maabarani jinsi seli zinavyosogea kufunga jeraha. Chini wameandika kwamba binadamu asitumie. Nilikusomea kwenye simu, nawe ukacheka. Ukasema, "Mtoto wa vitabu, kamenye mihogo. Huku Afungi wanyanyua vyuma wenye vifua vyao wanajichoma sindano zake kila wiki."

Nikaenda kumenya mihogo, wala sikumwonya Baba. Kosa hilo ni langu, silikatai. Jirani akamchoma Baba sindano kando ya kidonda chake cha jembe. Sasa mguu umevimba hadi gotini, amelazwa Mocímboa, na daktari anauliza alichomwa nini. Hakuna anayemjibu. Mama anasema mjomba hatajwi vibaya mbele ya wageni. Tena ameniambia nikuombe vichupa vingine, kwa kuwa anaamini hata hiki kilichobaki hakitatosha.

Sikuombi. Kesho alfajiri nakwenda kumpa daktari kichupa kilichobaki, karatasi yake, na jina lako kamili.

Mama yuko hapa mlangoni, anauliza kama nimekushukuru vizuri. Nimemjibu ndiyo.

Mpwa wako,
Atija